Maji ya Rejeta Yaenda Wapi?

Mkulima mwenye gari kuukuu la kupeleka maziwa au mboga sokoni aijua sana taabu hii. Asubuhi afungua rejeta, aona maji yamepungua. Atazama chini ya gari, pakavu. Atia maji, aenda zake. Siku ya tatu yamepungua tena. Kwa kuwa haoni hata tone, husema, "Gari hili limezeeka, hunywa maji," naye huliacha jambo hilo.

Msomaji, gari halinywi maji kama ng'ombe. Maji yakipungua yametoka mahali, na mahali hapo paweza kutafutwa. Ukipaona mapema, huenda ukatengeneza kwa klipu moja tu. Ukichelewa, injini itapata moto kupita kiasi, hedi itapindika au kupasuka, na pengine itakubidi kuuza ng'ombe ili ulipe fundi.

Onyo: usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto. Maji yake yamebanwa kwa nguvu, nayo yataruka na kukuunguza uso. Ngoja ipoe kabisa. Kisha fuata hatua hizi kwa taratibu yake, kwa maana zaanza na kazi rahisi na kumalizia na iliyo ghali.

1. Pima kwanza

Usijaze rejeta mpaka juu kabisa. Acha nafasi ya sentimita 2 au 3 chini ya mdomo. Maji yakipata moto huongezeka: lita 10 zikitoka nyuzi 20 za joto hadi 90 huzidi kwa kadiri ya theluthi moja ya lita. Magari mengi ya zamani hayana chupa ya kupokea ziada hiyo, basi humwagika njiani. Mwenye gari hujaza tena mpaka juu, nayo humwagika tena, hali hapana ugonjwa wowote.

Kwa hiyo weka alama yako, kisha pima kila asubuhi injini ikiwa baridi. Maji yakisimama palepale, usiongeze. Yakizidi kushuka, andika katika daftari: tarehe, kilomita ulizokwenda, na kiasi cha maji ulichotia. Daftari hilo litamsaidia fundi kuliko maneno mengi.

2. Tafuta nje ya injini

Tundu dogo likivuja juu ya chuma chenye moto, maji hukauka kabla ya kufika chini. Ndiyo sababu huoni tone. Lakini huacha alama nyeupe, ya kijani au ya rangi ya kutu. Tandaza boksi kavu chini ya injini usiku, na asubuhi ulitazame kabla ya kuwasha gari. Kagua miisho ya mipira ya maji na klipu zake, kitundu kilicho chini ya pampu ya maji, na vizibo vya chuma ubavuni mwa injini. Kama gari lina hita, papasa zulia chini ya dashibodi. Likiwa na majimaji, hita huenda inavuja.

3. Kague kifuniko

Watu wengi hukidharau kifuniko, lakini kazi yake ni kubwa. Mombasa maji huchemka kwa nyuzi 100, bali Nairobi, kwa sababu ya kimo cha nchi, huchemka kwa nyuzi 94 hivi. Kifuniko kizima huyabana maji yasichemke upesi. Mpira wake ukipasuka au springi ikilegea, maji hutoroka kwa mvuke, hasa gari likipanda mlima na mzigo. Nunua kingine chenye namba ileile ya mgandamizo iliyoandikwa juu yake.

4. Ikiwa nje ni kuzima

Sasa shuku gasketi ya hedi. Dalili zake ni hizi:
(a) Oili kwenye kijiti cha kupimia yafanana na chai ya maziwa. Povu kidogo chini ya kifuniko cha oili peke yake si ushahidi; penye baridi safari fupi hulileta.
(b) Moshi mweupe wazidi kutoka hata baada ya injini kupata moto. Mvuke wa asubuhi unaokoma upesi si kitu.
(c) Mipira ya maji yawa migumu mara tu baada ya kuwasha injini baridi.
(d) Plagi moja ni safi kuliko wenzake, kwa kuwa mvuke umeiosha.

Ukiona dalili kama hizi, usibebe mzigo tena. Mwombe fundi apime rejeta kwa pampu ya mgandamizo, tena ajaribu kama moshi wa injini waingia majini. Kwa gari la petroli, dawa ya buluu ya kujaribia hugeuka manjano moshi ukiwamo. Mwambie afanye hivyo kabla ya kufungua hedi, usije ukalipia kazi isiyohitajika.

Usitie mayai wala unga katika rejeta ili kuziba tundu. Utaziba vijia vyembamba vya maji, na ugonjwa mmoja utakuwa miwili. Tena dawa ya rejeta ni sumu yenye ladha tamu. Iliyomwagika ioshe mara moja, mbwa, ndama na watoto wasiionje.

Maswali ya kujijaribu

1. Kwa nini tundu laweza kuvuja bila tone kuonekana chini?
2. Kwa nini hatujazi rejeta mpaka juu?
3. Gari lako lina dalili ipi kati ya zile nne? Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha, nenda ukatazame.