Somo la Kumi

Huenda wewe ni mzazi, au mlezi, au mwalimu wa madrasa huko Tunduma, Vwawa au Mlowo, nawe unaye kijana ambaye hajakutia aibu hata siku moja. Madaftari yake ni safi. Akikosea herufi moja, huchana ukurasa mzima akauandika upya. Akipata 92 katika Jiografia, haifurahii ile 92. Huuliza zile 8 zimekwenda wapi. Watu wanakupongeza kwa ajili yake, nawe unashukuru. Lakini usiku wa manane, malori yakiwa yamepanga foleni kungojea kuvuka kwenda Nakonde, unaamka na kuona taa yake ingali inawaka, na moyo wako hautulii.

Sasa kijana huyo amekuja na swali. Anasoma masomo tisa: yale saba ambayo kwa miaka mingi yamekuwa ya lazima, pamoja na Fizikia na Kemia. Anataka kuongeza Elimu ya Dini ya Kiislamu. Hilo litakuwa la kumi, na hapo ndipo kikomo, maana mtahiniwa wa kidato cha nne huandikishwa kwa masomo yasiyopungua 7 wala kuzidi 10. "Baba, nilichukue?" Usijibu upesi.

Aghalabu mzazi Mwislamu huwa na jibu tayari. Atamwambiaje mwanawe aiache dini? Lakini tuangalie vizuri: kuacha kuufanya mtihani wa dini si kuiacha dini. Wazee wetu wengi walisoma juzuu baada ya juzuu bila kupewa alama na mtu yeyote, wala elimu yao haikupungua. Kwa hiyo usimtwishe kijana deni lisilo lake. Akisikia katika sauti yako kwamba kukataa ni dhambi, atakubali, naye hatakuwa amechagua chochote.

Kisha mketi pamoja mfanye hesabu, kwa sababu kijana wa namna hii huogopa mambo ambayo hajayahesabu. Baraza la Mitihani la Tanzania hupanga madaraja kwa kuangalia masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4. Daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17. Basi somo la kumi likimwendea vibaya, kwa peke yake haliwezi kumshusha daraja ikiwa saba nyingine ziko imara. Ni kweli kwamba alama yake itaonekana katika matokeo, nayo itamkera, hilo usimfiche.

Lakini liko jambo jingine katika hesabu hiyo ambalo wengi hawalitazami. A huanzia 75. Mwenye 75 na mwenye 98 wote wana pointi moja ile ile. Mwulize kijana wako: zile saa anazozitumia kuipandisha Jiografia kutoka 85 hadi 95 zinanunua nini? Mpe muda wa kufikiri. Huenda akanyamaza, huenda akakasirika kidogo.

Wakazi wa Tunduma wanaifahamu mizani ya malori. Lori laweza kuwa na uzito wa jumla unaoruhusiwa, na bado likakamatwa, kwa kuwa mzigo wote umekaa juu ya ekseli moja. Dereva mwenye busara hashushi shehena yote. Huupanga upya mzigo. Kijana anayechoka kwa masomo tisa huenda hakuchoshwa na idadi yake. Amechoshwa na zile alama za juu ya 75 ambazo hakuna anayemdai. Akikubali kuziachia kidogo, nafasi ya somo la kumi itapatikana. Asipokubali, hata masomo saba yatamlemea, na kwake jibu la "hapana" ndilo la huruma zaidi.

Yafaa pia ajue kweli hii: vyuo vingi nchini, vinapotaja ufaulu unaotakiwa, husema wazi kwamba ni katika masomo yasiyo ya dini. Kwa hiyo anayelichukua somo hili ili tu cheti kiwe kirefu atajuta. Hata hivyo lina wepesi wake, maana mtihani wake ni wa Kiswahili, hali masomo yake mengine karibu yote huandikwa kwa Kiingereza. Kama shuleni hakuna mwalimu wa somo hilo, ulizeni mapema nani atamfundisha na siku zipi. Bila hayo hakuna cha kuamua.

Sasa nifike kwenye jambo zito kuliko yote. Kijana huyu akipata C katika Kemia, atahuzunika kwa juma moja. Akipata C katika dini, je, hatadhani kwamba Mwenyezi Mungu ndiye aliyemsahihishia? Usicheke, wako wanaodhani hivyo kimyakimya. Mweleze kwa upole kwamba msahihishaji ni mwalimu mwenye kalamu nyekundu, anayepima kama tarehe na hoja zimekumbukwa. Sala yake ya alfajiri haimo katika karatasi ile. Kama bado hofu hiyo imemshika, kuna njia ya tatu: ahudhurie vipindi, asome vitabu, lakini asiandikishwe kwa mtihani. Nakutahadharisha kwamba kwa mtu wa tabia yake hiyo ndiyo njia ngumu zaidi, kwa kuwa hajazoea kusoma kitu kisicho na alama.

Kama anaielekea "ndiyo", fanyeni jaribio la muhula mmoja, angali kidato cha tatu. Saa tatu kwa juma, si zaidi, na taa izimwe saa nne usiku. Wewe usiulize alama. Uliza amelala vipi, na kama bado anacheka na wadogo zake. Muhula ukiisha, aswali rakaa mbili za istikhara, azungumze na mwalimu wa darasa, kisha aamue mwenyewe kabla shule haijapeleka majina kwa Baraza.

Na akija kwako jioni akasema, "Baba, nimeamua kuliacha," usimwulize mara ya pili kama ana hakika. Mwambie aende kesho kumweleza mwalimu wa dini kwa kinywa chake, kisha mkaribishe chakula.