Somo la Kikundi: Asiya na Makasia Yake

Mashua za mbio si jambo la kwetu; maji mapana wengi tunayaona kule Masinga au Kiambere tu. Hata hivyo tusome habari za Asiya Mohammed Sururu wa Mombasa. Akiwa na miaka miwili aligongwa na treni, akapoteza miguu yote miwili na baadhi ya vidole. Alicheza tenisi ya viti vya magurudumu, kisha akashika makasia. Katika daraja lake mchezaji hutumia mabega na mikono peke yake. Kiti hakisogei, na kifua hufungwa mkanda. Mita 2,000 hivyo! Mwaka 2019 alifuzu kule Tunisia, na mwaka 2021 akashindana katika Paralimpiki za Tokyo, mwanamke wa kwanza wa Kenya kufika huko kwa makasia.

Sasa tuulizane wenyewe. Yule mtoto asiyetembea, anayefungiwa chumbani wageni wakija, kikundi chetu kinamjua kwa jina? Na zamu ya kupokea mchango ikimfikia mama yake, kiti cha magurudumu huwa kinatajwa, au ni sufuria na mabati tu?