SOMO LA AFYA: Mwendo wa kasi katika makazi yetu. Tuupime, tuuripoti, tuupunguze

Mara nyingi tunazungumza nawe juu ya malaria, kuhara na chanjo. Leo tunazungumza juu ya hatari isiyo na mdudu wala kidonge: magari na pikipiki zinazokimbia mno hapa Nakivale. Wengi wetu tumewahi kumvuta mtoto kando ya barabara huku vumbi likitufunika. Tukakasirika, tukatukana, kisha tukaenda zetu. Kesho yake dereva yule yule akapita tena kwa mwendo ule ule. Somo hili linaeleza la kufanya badala ya kutukana.

Je, hili ni jambo la afya?

Ndiyo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani duniani. Kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, ajali hizo zinaua kuliko ugonjwa wowote. Zaidi ya nusu ya wanaokufa ni waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki, yaani watu kama sisi.

Kwa nini mwendo ndio hatari?

Pikipiki inayokwenda kilomita 30 kwa saa hupita mita 8 kila sekunde. Ikienda kilomita 60 hupita karibu mita 17. Dereva akimwona mtoto, sekunde moja hivi hupita kabla hajashika breki. Na ukizidisha mwendo mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kushika breki huwa mara nne, si mara mbili. Kwenye murram yenye changarawe tairi huteleza, umbali huo ukawa mrefu zaidi.

Tena, pigo lenyewe huwa kubwa. Mtu anayegongwa na gari lenye mwendo wa kilomita 65 kwa saa ana hatari ya kufa zaidi ya mara nne kuliko anayegongwa na gari la kilomita 50.

Kumbuka: Uganda hupita kushoto

Wewe uliyetoka Kongo, Burundi, Rwanda au Somalia ulizoea magari yanayopita upande wa kulia. Hapa Uganda magari hupita kushoto. Kwa hiyo unapovuka, gari la kwanza litakujia kutoka kulia kwako. Wafundishe watoto, hasa waliofika karibuni: tazama kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena. Vumbi likitanda, ngoja litulie kwanza. Pasipo na njia ya miguu, tembea upande wa kulia wa barabara ili uyaone magari yanayokuja mbele yako.

Namna ya kupima mwendo

Tukisema tu "wanakimbia sana", dereva atakana na mkubwa wake atamwamini. Lakini tukipima, maneno yetu yana nguvu. Hauhitaji mashine.

1. Chukueni kamba ya mita 10. Pimeni mara kumi kando ya barabara, mpate mita 100. Wekeni alama mwanzo na mwisho, kwa mfano jiwe lililopakwa chokaa.
2. Watu wawili wasimame mbali na barabara, mmoja kila alama. Gari likifika alama ya kwanza, wa kwanza anainua mkono. Wa pili anaanza kuhesabu kwa saa ya simu mpaka gari limfikie.
3. Linganisheni: sekunde 12 ni kilomita 30 kwa saa. Sekunde 7 ni kama kilomita 50. Sekunde 6 ni kilomita 60. Sekunde 5 ni kilomita 72.

Sheria ya Uganda inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa mahali penye makazi ya watu. Kwa hiyo gari likipita mita 100 kwa chini ya sekunde 7, limevunja sheria. Karibu na shule, soko, bomba la maji na kituo cha afya, tunawaomba madereva wasizidi 30. Pimeni siku kadhaa, asubuhi na jioni, mkaandike kwenye daftari. Msimsimamishe dereva wala kumrushia mawe.

Namna ya kuripoti

Ripoti nzuri ina mambo matano: nambari ya gari au pikipiki, rangi yake, mahali, siku na saa, na jambo lililotokea. Kama ni gari la shirika, andika pia alama na nambari iliyo mlangoni.

- Kama ni boda-boda, anza na mwenyekiti wa steji yake. Yeye anawajua vijana wake.
- Kama ni gari la shirika, peleka ripoti kwa shirika hilo, au kwenye dawati la ulinzi, au tia barua katika sanduku la malalamiko. Gari la msaada halina ruhusa ya kukimbia.
- Kama jambo linarudia, mpe daftari mwenyekiti wa RWC. Yeye atalifikisha kwa mkuu wa makazi na kwa polisi, na kuzungumza na viongozi wa LC wa wenyeji, maana barabara ni yao pia.
- Kama mtu amegongwa au dereva amekimbia, piga polisi mara moja: 999 au 112.

Wengine husema: "Nikiripoti, watanijua." Hofu hiyo ina sababu. Ndiyo maana tunashauri daftari liwe la kijiji kizima, na viongozi walipeleke kwa jina la wote.

Matuta je?

Usichimbe wala kujenga tuta bila ruhusa. Tuta lisilo na alama humwangusha mpanda pikipiki usiku, na tutakuwa tumeongeza majeruhi. Ombeni tuta kupitia RWC na LC, mkionyesha vipimo vyenu.

Dereva naye ni mtoto wetu

Kijana wa boda-boda mara nyingi anadaiwa na mwenye pikipiki kila siku. Akikawia, anakosa chakula cha nyumbani. Na sisi abiria ndio tunaomwambia: "Kimbia, nimechelewa!" Abiria ana nguvu. Toka mapema. Mwambie: "Polepole, ndugu yangu, tufike wote." Kataa kupanda watatu, na umsifu anayevaa helmeti.

Ajali ikitokea

- Zuieni magari mengine kwanza. Msimpige dereva.
- Msimwinue majeruhi kwa mikono na miguu. Shingo na mgongo visipindwe. Wahitaji kumbeba watu kadhaa kwa pamoja, juu ya ubao au machela.
- Damu ikitoka, kandamizeni jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia. Msitie majivu wala udongo.
- Msimpe chakula wala maji.
- Mwiteni mhudumu wa VHT, na mpelekeni kituo cha afya upesi.

Mara nyingi dereva hutoa pesa kidogo, jamaa wakapatana, mtoto akarudishwa nyumbani kwa sababu "hana jeraha". Hilo ni kosa kubwa. Damu inaweza kuvuja ndani ya kichwa au tumbo bila kuonekana nje. Aliyegongwa apimwe kwanza, mapatano baadaye. Akiwa nyumbani, mwangalieni usiku huo na siku ya pili. Akitapika, akisinzia kupita kawaida, akichanganya maneno, akipata degedege, au damu au maji yakimtoka sikioni au puani, mrudisheni mara moja hata kama ni usiku wa manane.

Maswali ya kujadili katika kikundi chako

1. Ni sehemu gani ya kijiji chetu watoto huvuka barabara kwenda shule au kuchota maji?
2. Nani atashika daftari, na nani atalipeleka?
3. Mwenyekiti wa steji tutamwalika lini tuzungumze naye?

Ndugu msomaji, usingoje jeneza ndipo mkutano uitwe. Anza wiki hii na kamba ya mita 10.