Mtoto Anayefungua Redio: Kwa Wazazi wa Watoto Wadadisi

Kuna mtoto ukimnunulia gari la kuchezea asubuhi, jioni limebaki matairi na nyaya. Akimeza mbegu ya chungwa, anataka kujua kwa nini haioti tumboni. Ukimtuma chumvi dukani, mchuzi unakauka jikoni kwa sababu yeye amechuchumaa njiani akifuatilia msururu wa siafu. Majirani wanakuambia, "Mama, huyu wako mtundu mno." Nimesomea kemia na ninalea watoto wa namna hiyo. Ninachowaomba wazazi wenzangu si maabara wala vifaa vya gharama. Mtoto huyu anahitaji kwanza mtu mzima asiyemcheka.

Chukua kisa cha Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi wa sekondari Magamba, kule Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: maziwa yanachemshwa, yanatiwa sukari, yanaachwa yapoe, ndipo yanaingia kwenye friza. Nafasi ilikuwa finyu, na Mpemba akaona akisubiri ataikosa, basi akayaingiza yake yangali moto. Aliporudi, yake yalikuwa yameganda, na ya mwenzake aliyeweka bila kuchemsha yalikuwa bado mazitomazito. Alimwuliza mwalimu wa fizikia, akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani.

Hakuliacha swali lake. Baadaye, akisoma Mkwawa, Iringa, alimwuliza Dkt. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam aliyekuja kuzungumza na wanafunzi. Wenzake wakaangua kicheko. Osborne alirudi chuoni akamwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta taarifa kwamba kweli maji ya moto yametangulia kuganda, lakini ataendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi! Mwaka 1969 makala ya Mpemba na Osborne ilichapishwa, na leo wanafizikia duniani wanaliita jambo hilo athari ya Mpemba. Bado wanabishana kuhusu chanzo chake, na hata kama hutokea kila mara. Ubishi wote huo ulianza kwa kijana mmoja na maziwa yake.

Kwa hiyo mtoto akikuuliza, usikimbilie jibu. Mwulize, "Wewe unaonaje? Tutajuaje?" Kama hujui, mwambie hujui, kisha mtafute pamoja. Heshima yako haitapungua hata kidogo.

Majaribio yako humo humo nyumbani. Mvua ya radi inaponyesha, kaeni ndani, mkiona mwanga mhesabu sekunde mpaka msikie ngurumo, halafu mgawanye kwa tatu. Mtapata umbali wa radi kwa kilomita, kwa kuwa sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Chemsheni maua makavu ya rozela, mgawe maji yake katika vikombe viwili. Cha kwanza kikitiwa ndimu, wekundu unakolea. Cha pili kikitiwa magadi kidogo, rangi inageuka kuwa ya kijani. Hilo ndilo somo la asidi na besi ambalo wengi wetu tulilikariri ubaoni bila kuliona.

Linalonifurahisha zaidi ni jaribio la viluwiluwi wa mbu. Chota maji yaliyotuama yenye viluwiluwi, uyatie katika chupa pana, na ufunge mdomo kwa kipande cha chandarua. Mtoto atazame namna wanavyolala. Wa mbu aina ya anofelesi, anayeeneza malaria, hulala sambamba na uso wa maji. Wa aina nyingine za mbu wa nyumbani huning'inia kichwa chini. Mpe daftari achore kila siku. Kabla hawajawa mbu kamili, myamwage kwenye mchanga mkavu wenye jua. Mtoto aliyeshuhudia hayo ndiye atakayekuwa wa kwanza kukagua makopo nyuma ya nyumba.

Kufungua vitu nako kuna utaratibu. Mtengee kasha la vifaa vibovu: redio ya betri, saa ya ukutani, spika iliyokufa. Ndani ya spika atakuta sumaku, na hapo usimtegemee kwa kazi nyingine siku hiyo. Kinachochomekwa ukutani asikiguse, hata kikiwa kimechomolewa. Televisheni za zamani zenye mgongo mkubwa, pamoja na maikrowevu, huweza kubaki na umeme wa kuua baada ya kuzimwa. Betri zisipasuliwe wala kutupwa motoni. Zile ndogo za duara ziwekwe mbali kabisa na wadogo zake: ikimezwa, inaweza kuunguza koo la chakula ndani ya saa mbili, basi kimbilia hospitali papo hapo. Dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini kamwe isichanganywe na siki, ndimu wala dawa ya choo, kwa sababu hutoa gesi ya sumu.

Kuna na suala la adabu. Mtoto anayejua mengi atamkatiza bibi mbele ya wageni kumweleza kwamba jua halizami, dunia ndiyo inayozunguka. Usimzibe mdomo. Mfundishe kungoja bibi amalize, kisha aseme, "Bibi, naomba nikuonyeshe kitu," na alete chungwa na tochi. Bibi wengi wataketi watazame, na watauliza maswali mazuri kuliko ya wageni.

Akifika sekondari Tanzania, mwulize mwalimu wake wa sayansi kuhusu Young Scientists Tanzania, ambako wanafunzi huonyesha tafiti zao wenyewe. Wasichana wapewe nafasi hiyo sawa na kaka zao. Binti asiitwe jikoni yeye peke yake wakati kaka ameshika bisibisi. Leo jioni, swali la kwanza litakalokujia, lisikilize mpaka mwisho.