SOMO: SAA YA PAMPU YA MAJI

Katika kiwanda cha kumenya kahawa, tangi likikosa maji, kahawa mbivu ya wanachama hulala bila kumenywa na ubora hupungua. Yafaa katibu aijue saa iwashayo pampu.

Saa hiyo ina mota ndogo izungushayo sahani mara moja kwa saa 24. Vijino vya sahani huwasha na kuzima swichi ya pampu. Mota hiyo yapasa kupata umeme kabla ya swichi. Ikiungwa baada yake, pampu izimwapo saa nayo husimama, wala haiwashi tena.

Sahani isipozunguka, umeme haufiki au mota imeharibika. Ikizunguka na pampu isiwake, swichi ichunguzwe. Umeme ukatikapo, sahani husimama. Urudipo, saa irekebishwe. Nyaya zishikwe na fundi wa umeme tu, swichi kuu ikiwa imezimwa.