Mwani wa Kibuyuni na Istilahi ya Kihisi cha Kani

Kihisi cha kani ni kifaa kinachogeuza mbonyezo kuwa ishara ya umeme. Kikiundwa kwa plastiki, huacha taka zisizooza. Huko Kibuyuni, Kaunti ya Kwale, wakulima huvuna mwani ambao ukichemshwa hutoa ute uitwao karajinani. Ute huo ukikaushwa huwa utando laini unaooza. Utando ukiwekwa kati ya vibati viwili kisha ukabonyezwa, unene wake hupungua, uwezo wa kuhifadhi chaji huongezeka, na badiliko hilo hupimika. Kani, ute, utando, kuoza: maneno haya yote ni ya Kiswahili. Kwa hiyo, mkulima auzaye mwani mkavu hanyimwi elimu hii na lugha yake, bali na wanaoiandika kwa lugha nyingine pekee.