Kontrasti na figo za mama

SWALI: Mama yangu ana miaka 66, ana kisukari na presha. Ameandikiwa CT-Scan ya tumbo yenye dawa ya kuchomwa mshipani. Jirani amemwambia dawa hiyo inaua figo, na sasa mama amegoma. Tufanyeje?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Hofu ya jirani ina chanzo. Kwa miaka mingi hata madaktari waliiogopa dawa hiyo, kontrasti yenye iodini, kuliko inavyostahili. Mgonjwa mahututi akipigwa picha leo, figo zikadhoofika kesho kutwa, lawama yote iliangukia kontrasti, ilhali alikuwa na maambukizi makali au ameishiwa maji mwilini. Watafiti walipowalinganisha wagonjwa hao na waliopigwa picha bila dawa, tofauti ilikuwa ndogo au haikuonekana kabisa. Mwaka 2020 wataalamu wa radiolojia na wa figo wa Marekani walikubaliana kwamba wa kuchungwa hasa ni mwenye uchujaji wa figo ulio chini ya 30, na ambaye figo zake zimeumia ghafla.

Basi muulizeni daktari namba ya uchujaji wa figo za mama. Hupatikana kwa kupima kreatinini kwenye damu. Ikiwa juu ya 30, kwa wagonjwa wengi hakuna sababu ya kukataa kipimo. Ikiwa chini, kipimo hakijafutwa: huenda akatundikiwa dripu ya maji ya chumvi kabla na baada, kisha kreatinini ikarudiwa baada ya siku mbili au tatu.

Anatumia metformin? Aseme mapema. Haiharibu figo, ila figo zikizidiwa hulundikana mwilini, kwa hiyo mwenye namba iliyo chini ya 30 husimamishiwa kwa saa 48 hadi figo zipimwe tena. Asiiache kwa uamuzi wake.

Anaposukumiwa dawa atahisi joto mwili mzima, pengine kama amejikojolea. Mwambieni mapema asishtuke. Hupita baada ya muda mfupi. Kama aliwahi kuvimba au kubanwa kifua kwa kontrasti, wapiga picha wajulishwe.

Na je, hununua diklofenaki, dawa za maumivu kama ya mgongo, kwenye duka la dawa bila cheti? Kwa mwenye kisukari na presha, kuzimeza kila siku ndiko kunakonitia wasiwasi zaidi kuliko sindano hii moja. Azitaje kwa daktari, na asizimeze siku za kipimo.